Mama Mhandisi Specioza na Mlingoti Uliolaumiwa kwa Ukame

Ndugu waombolezaji, majirani wa Migato, na ninyi mliotoka Mwamanyili, Maswa na Bariadi: familia imeniomba mimi, Martha, mtoto wa pili wa marehemu, nisome habari za maisha yake. Sauti yangu ikitetemeka, mnivumilie. Si kilio peke yake.

Mhandisi Specioza Mayige alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 Mwamanyili, ambako leo ni Wilaya ya Busega, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mayige Masalu na mama Elina Kija, wakulima wa pamba na mpunga. Alibatizwa mwaka huohuo. Bibi Elina alitusimulia kwamba mama akiwa na miaka saba aliifungua redio ya baba yake kumtafuta mtu aliyekuwa anasoma habari. Mtu hakumpata, na redio haikuimba tena. Babu alikasirika siku mbili, ya tatu akasema, "Basi huyu asomeshwe, maana akibaki hapa atatumaliza."

Alisoma shule ya msingi nyumbani kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana Mwanza hadi 1974. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha ufundi Dar es Salaam, akasomea umeme na mawasiliano. Darasani walikuwa wasichana wawili. Alihitimu mwaka 1978.

Mwaka huohuo aliajiriwa kwenye mitambo ya simu. Alifanya kazi Dar es Salaam, Mwanza na Shinyanga, na mwishoni alisimamia mafundi waliofukia nyaya za mawasiliano kando ya barabara zetu za mkoa huu. Kompyuta zilipoletwa ofisini, wenzake wengi walizipigia magoti. Yeye alijifunza kuzitumia vizuri kuliko wengi, lakini hakuzipenda. Alikuwa akisema, "Kompyuta ni mtumishi mwepesi asiye na haya. Mtume upuuzi, ataufanya mara elfu moja na hatakuuliza hata mara moja." Walipomnunulia simu janja aliuliza, "Janja kwa faida ya nani?" Alipenda kutueleza kwamba zamani, mtu aliyetaka kumsingizia mwenzake kwa simu alipanga foleni posta, akalipa, akaunganishwa na opereta, na opereta akawa anasikia. "Ukifika kwa mtu wa tatu umechoka, na umeona aibu," alisema. "Siku hizi unagusa kioo kwa kidole, watu mia mbili wanakuamini kabla hujakiinua."

Tulikuwa tunacheka. Tulidhani ni maneno ya mtu mzima asiyependa mambo mapya.

Tarehe 3 Septemba 1983 alifunga ndoa takatifu na marehemu baba yetu, Selestini Mahona wa hapa Migato, Itilima, aliyekuwa bwana shamba. Walijaliwa watoto watatu. Baba alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na mama alisema alimchagua kwa sababu ndiye mwanaume pekee aliyemwona akitengeneza pasi bila kumwelekeza. Baba alifariki mwaka 2014. Mama alipostaafu, mwaka 2016, tulimsihi akae mjini. Alikataa. Alisema nyumba ya mume wake haiwezi kukaa na popo. Akaja hapa, mjane, peke yake, mtu aliyeletwa na ndoa, asiye na ndugu wa damu kijijini.

Wengi wenu mnaujua ule mlingoti. Aliusimamisha uani: bomba refu la chuma lililoshikiliwa na nyaya nne, juu yake antena na taa ndogo nyekundu. Chini yake aliweka kipima mvua. Kwa antena hiyo walimu wa shule yetu walipata mtandao, na kwa kile kipimo aliwatumia wakulima ujumbe mfupi kila mvua iliponyesha, wajue kama unyevu unatosha kupanda. Kwa miaka sita hakuna aliyelalamika.

Mwaka 2022 mvua za vuli zilichelewa. Mnakumbuka. Waliopanda mapema mbegu zilikauka ardhini, ng'ombe wakaanza kuuzwa kwa bei ya mbuzi. Alhamisi tarehe 17 Novemba nilikuwa shuleni Bariadi, saa ya chai, mwalimu mwenzangu Anna akaniletea simu yake. Hakujua. Akaniambia, "Martha, umemwona mchawi wa Itilima? Lione hilo jicho."

Niliona mama yangu. Ilikuwa picha ya kwenye harusi moja aliyoalikwa, imepigwa jioni kwa mwanga wa simu, na ule mwanga ulikuwa umeyafanya macho yake yawe mekundu kama yanavyofanywa macho ya mtu yeyote. Chini yake kulikuwa na ujumbe wa sauti ya mwanaume: "Ndugu zangu, mnangoja mvua gani? Huyu ndiye bibi wa mlingoti. Kila wingu likija, taa yake inawaka, wingu linageuka. Tazameni macho." Anna alisema umeingia kwenye makundi yake yote.

Nilimpigia mama. Hakupokea. Nikapiga tena, na tena. Nilimpigia mtendaji wa kijiji, akasema naye ameusikia, anatafuta mgambo. Nilipanda pikipiki kwenda Migato na njia nzima nilitazama mbele kama kuna moshi. Ninyi mliozaliwa mkoa huu hamhitaji kuelezwa nilikuwa naogopa nini. Tumewazika bibi wengi kwa sababu ya macho mekundu.

Nilikuta uwanja umejaa. Watu niliowajua, wenye fimbo, baadhi wenye mapanga. Hakuna aliyenisalimia. Mlangoni alisimama mama Generoza, jirani yetu, ametoka shambani na jembe mkononi, akiwaambia, "Nimekula kwa mayu huyu, mama huyu, miaka sita, na wajukuu zangu wamekula. Kama ni mchawi, basi nichomeni na mimi." Kijana mmoja, Jilala, akamjibu, "Toka hapo, bibi, tusije tukakuchoma kweli." Alikuwa na dumu. Nilisikia harufu ya petroli.

Mama alikuwa ndani ameketi sakafuni, simu mapajani. Baadaye aliniambia aliona nikipiga, lakini vidole havikuweza kugusa kioo. Mtu aliyeunganisha nyaya maisha yake yote hakuweza kupokea simu ya mwanawe. Alipomsikia Jilala akimtishia mama Generoza, ndipo alipoinuka. Alitoka akiwa ameshika ukuta. Khanga yake ilikuwa imelowa, na ninalisema hili kwa sababu mwenyewe alitaka lisemwe. Alisema siku nikimsoma nisimfanye shujaa.

Hakuwafundisha kitu. Hakueleza habari za antena wala za mwanga wa simu. Alisema tu, "Mnataka mlingoti? Ushusheni. Spana zipo stoo."

Jilala akaweka dumu chini, akaenda kwenye waya wa kwanza, akaanza kuufungua kwa pupa.

"Si huo, baba," mama akamwambia, na meno yalikuwa yanagongana. "Ukianza na huo bomba litakuja upande wako. Anza na wa nyuma, mwenzako ashikilie huu. Polepole. Likikuangukia watasema nimekuua na wewe."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Jilala akahama waya. Basi mama akawaelekeza, nani ashike wapi, nani asogee, na waliokuja na mapanga wakayaweka chini ili washike bomba kwa mikono miwili. Mtendaji alipofika na mgambo, mlingoti ulikuwa umelala uani na watu wameanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga.

Jumatatu yake mvua ilinyesha. Ilinyesha siku tatu.

Mama alisimama dirishani kwangu Bariadi, nilikokuwa nimemchukua, akiitazama, akasema, "Hata utetezi imeninyima." Na kweli, ujumbe wa pili ulisambaa kuliko wa kwanza: mmeona, mlingoti umeshushwa na mvua imekuja?

Hakurudi tena kuishi hapa. Kwangu alilala taa ikiwaka. Tulizima milio yote ya simu nyumbani, maana kila mlio ulimshtua akatazama mlango. Sisi watoto tulikuwa na hasira. Yeye hakuwa nayo. Nilipomuuliza, alisema, "Walikuwa wanaogopa njaa kama mimi nilivyowaogopa wao. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi, na mimi mmoja."

Presha iliyoanza mwezi ule haikushuka sawasawa. Tarehe 2 Juni 2025 alipata kiharusi, akalazwa. Mhudumu alipotuambia tusubiri kwa kuwa mfumo uko chini, mama aliuliza kwa nusu ya mdomo iliyobaki, "Nani kauangusha?" Hayo yalikuwa karibu maneno yake ya mwisho. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni, alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi. Wabeja.

Kaka yangu Mihayo hakutaka tumlete Migato. Mama ndiye aliyetaka, alale kando ya baba, na tulibishana na wosia wake siku mbili. Tumemleta. Jana tumekuta kaburi limechimbwa na vijana wa kijiji. Wengine kati yao walikuwepo siku ile. Sikujua niwasalimie vipi. Niliwapa maji, wakanywa.

Marehemu ameacha watoto watatu, Mihayo, Martha na Salu, wajukuu saba, dada yake Philomena, na mama Generoza, ambaye familia imeamua aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Usiku wa leo sisi watoto wake tutalala katika nyumba ile, pamoja na wajukuu. Tunaogopa, nawaambia wazi, na tutalala. Atakayetaka kuja kutusalimia aje, awe yeyote yule, mlango wa mbele utakuwa wazi.

Mama Specioza alale salama. Nasi mtuache tulale salama.