Emilie Nyota, Aliyewafundisha Wazee Kumpigia Daktari

Dada yetu Emilie Nyota alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 karibu na maporomoko ya Kisangani, mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Alikuwa mtoto wa kwanza wa wavuvi, na hadi uzeeni usingizi ulimkataa mahali pasipo na mvumo wa maji. Mimi Médard, mdogo wake, nilizoea kumtania kwamba anaota hata akitembea. Hakubisha.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, kisha uuguzi, akapata diploma mwaka 1977. Alifanya kazi katika kituo cha afya Kabondo mpaka alipostaafu mwaka 2016. Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Zacharie Kasongo, mvuvi, mtu wa maneno machache kuliko samaki wake.

Mwaka 2019 alianza kuwafundisha wazee, katika ukumbi wa parokia, kupima presha na kumwona daktari kwenye simu. Lilimuuma sana jambo moja: wazee walificha magonjwa kwa sababu simu ilishikwa na watoto wao. Nani atataja habari za choo mbele ya mkwe? Alitaka kila mzee apige mwenyewe.

Shida ilikuwa heshima. Daktari akitokea kwenye kioo, wazee walisimama kumsalimu na wakabaki wima. Jirani yetu Papa Hemedi, fundi cherehani, alionyesha mkanda wake tu kwa wiki kadhaa.

"Papa, ikala tu," daktari alimsihi.

"Mbele ya docteur? Non, haiwezekane!"

Dada hakumlazimisha kukaa. Aliipandisha simu juu ya kabati, daktari akaanza kuona nyuso. Ukumbi ule ulikuwa na mwanga wa ukungu asubuhi, na wazee walioongea na kabati kwa upole. Ukiingia ghafla ungedhani unaota.

Mwanafunzi mmoja tu alimshinda, naye alikuwa mumewe.

"Bidole yangu iko ya kushika mitego," alisema shemeji. "Haiko ya kupapasa kioo."

Mwaka 2023 moyo wa dada ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Alimwambia mumewe, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Papa Camille, siku moja mi sitaweza kusema. Alors, ni nani atasema kwa ajili yangu?" Kuanzia hapo shemeji alikaa naye barazani kila jioni, akijifunza kupiga simu kwa kidole kimoja, naye dada akicheka taratibu.

Tarehe 24 Januari 2025 kiharusi kilimnyang'anya sauti. Walikuwa wawili tu nyumbani. Shemeji alichukua simu, akampigia daktari.

"Docteur, ni miye, bwana ya Emilie. Hasemi tena. Lakini iko naniangalia."

Daktari alituma gari mara moja. Hospitalini dada alipata siku za kutosha kuwaona watoto wake: Camille na Claire, walioshuka uwanja wa ndege wa Bangboka kutoka Kinshasa, na Moïse aliyefika kwa pikipiki kutoka Bafwasende. Tulimshika mikono kwa zamu. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2025.

Ameacha watoto hao watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, na wazee wa ukumbini, ambao leo msibani wamekataa viti. Ameacha pia mumewe Zacharie. Watoto walitaka kututangazia msiba; aliwaomba simu, akatupigia sisi wote mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia kwa sauti yake, "Emilie amelala."

Dada, pumzika kwa amani.