Nyimbo Zilivyonikimbia Nilipotoka Chuoni

Wazee wetu, shikamooni. Wanakwaya wenzangu, mchungaji kaniambia nisizidishe dakika kumi, na nyote mnaujua mdomo wangu, basi mnivumilie. Nimesimama kumshukuru Mungu, maana karibu miaka miwili sikuweza kutunga hata mstari, na leo natunga.

Mnaonifahamu mnajua nilivyokuwa. Wimbo ulikuwa unanijia nikipalilia maharage, nikifika nyumbani una beti tatu. Kwenye msaragambo, kijiji kizima kikitoka na majembe kwa kazi ya pamoja, mimi ndiye mwanzishaji, na bibi mmoja jirani yangu ananipokea kwa sauti ya pili. Hakuna aliyetufundisha.

Tulipoingia kijiji cha ujamaa, usharika ukataka mtu wa kwenda kusomea muziki, nikachaguliwa mimi. Nikapanda basi pale Same na sanduku langu la bati, nikakaa chuoni miezi tisa. Nikajifunza kuandika nyimbo kwa sol-fa, ile do-re-mi, nikajifunza kupanga sauti nne, na sheria zake: sauti hii isiifuate ile kwa hatua zilezile, wimbo usiishie hapa, usirukie pale. Ndugu zangu, nawaambia, nilizipenda zile sheria. Nilikuwa kama mtu aliyepewa taa.

Nikarudi, na Jumapili ileile nikaharibu. Akina mama wakaimba tulivyozoea, nikawasimamisha katikati. Nikamwambia yule bibi, mtu wa kuamkiwa, mbele ya kwaya nzima, "Hiyo sauti yako ni makosa."

Akasema, "Haya, mwalimu." Akakaa, na tangu siku hiyo hakuimba tena.

Adhabu ikanigeukia mimi. Kila wimbo ukinijia, kabla haujafika mstari wa pili nimeshaukagua na kuukuta na kosa. Naandika, nafuta, nachana. Mume wangu akaniuliza, "Mbona siku hizi unapika kimya?" Nikamkaripia, maskini, bure. Nilikuwa nalia njiani nikienda kuteka maji. Niliamini Mungu amekitwaa kipawa chake, na nilikilaani chuo.

Basi masika yakakaribia, na ukingo wa ndiva yetu, bwawa la kumwagilia, ulikuwa umebomoka. Ndiva isiposhika maji, mashamba ya chini hayanywi. Mwenyekiti akaita msaragambo, tukatoka wote, tukafanya kazi kimya. Mmewahi kuona msaragambo wa kimya? Huyu anainua jembe, yule anashusha. Ilipofika saa nne mtu mmoja ameshaumizwa mguu na nusu ya watu wamekaa chini. Waliobaki wananitazama mimi, nami nimeshika mpini, nimeganda.

Yule bibi akanisogelea. "Mwanangu, unangoja nini?"

"Bibi, wimbo ninao. Natafuta sauti ya pili iliyo sahihi."

"Ya pili ni yangu. Wewe toa ya kwanza."

Nikaitoa. Akaipokea palepale nilipomkataza, akina mama wakafuata, na majembe yakaanza kushuka pamoja. Niliimba huku nalia na sikuona haya. Siku ya tatu ukingo ukakamilika, kabla ya mvua. Nilimwomba radhi tukiwa bado kwenye tope, akasema nimwache kwanza anywe maji.

Sasa msitoke hapa mkasema mama kaikataa shule. Juma lilelile nilikaa jikoni kwa yule bibi, nikauandika ule wimbo kwa sol-fa, na sauti yake nikaiandika alivyoiimba, bila kusahihisha. Hapo ndipo nilipoona chuo kilinipa nini. Chuo hakikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua daftari kabla ya kufungua mdomo.

Naushukuru usharika ulionipeleka, na mwalimu wangu wa kule, aliyekuwa mkali lakini mkweli. Namshukuru mume wangu, ambaye sasa analalamika kwamba jikoni pana kelele. Nanyi vijana mnaotaka kwenda kusoma, nendeni, someni kanuni zote mzimalize. Mkirudi, imbeni kwanza, mkague baadaye, na mkubwa wenu msimsahihishe mbele za watu.

Yule bibi tulimzika mwaka huu, nanyi mlikuwepo. Sauti yake waliiimba wajukuu zake, karatasi mkononi. Hata pale alipozoea kukata wimbo ili avute pumzi, nilikuwa nimepaandika, nao wakakata.