Majina Sitini na Moja ya Swalha

Benchi letu la Xiaobei, hapa Guangzhou, China, liko chini ya jengo la maduka ya jumla, kati ya lifti ya mizigo na ofisi ya kargo ya Msabaha, mahali ambapo mkokoteni ukipita inabidi wote tunyanyue miguu. Kahawa inatoka ghorofa ya pili kwa Bimkubwa, anayewapikia pilau wale ambao tambi haziwashibishi, na inashuka kwenye chupa kila siku saa nne asubuhi. Wenye benchi ni Nassor wa Unguja, anayesafirisha chaja za simu na kutoa hukumu juu ya kila uchaguzi duniani, ndiyo maana tunamwita Katiba. Kuna Getrude wa Mwanza, mnunuzi wa magauni ya soko la Zhanqian, tunayemwita Jumla kwa kuwa hajawahi kukubali bei ya rejareja wala hoja ya rejareja. Kuna Msabaha mwenyewe, ambaye ni Sibiemu, kile kipimo cha ujazo wa mzigo, kwa sababu hata ukimwonyesha mtoto mchanga atakukadiria kontena litabeba wangapi. Na mimi.

Kwa siku tatu tulikuwa tunaendesha siasa za Kanada. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Kanada, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu kwenye benchi lile. Swalha, mdogo wake Msabaha, anaishi viunga vya Toronto mwaka wa kumi na nane huu, na safari hii alichukua fomu kuomba chama chake kimsimamishe kugombea ubunge wa mkoa, maana kule kila mkoa una bunge lake. Kura za maoni zilipigwa Jumamosi. Wanachama sitini na moja waliokwenda kumpigia Swalha walirudishwa mlangoni, akashindwa kwa kura ishirini na mbili. Barua ya chama ikasema majina yale yanashukiwa kuwa ya kubuni: yaliingizwa yote ndani ya saa chache, kwa namba moja ya simu, kutoka nchi tatu, yaani Singapore, Uholanzi na China. Uanachama ni bure, ila sharti mtu ajiandikishe mwenyewe. Swalha alipewa hadi saa sita ya usiku wa Jumatatu akate rufaa, la sivyo jina lake linatupwa na mpinzani wake anakwenda kugombea. Saa za kwake ziko nyuma ya zetu kwa kumi na mbili kamili, kwa hiyo saa sita yake ya usiku ilikuwa saa sita yetu ya mchana wa Jumanne, na Jumanne yenyewe ndiyo hii.

Katiba alikuwa amekwisha kutoa hukumu kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Jina limekatwa na vikao vya juu, alisema, na kura za maoni ni za kuwanyoosha watu miguu. Mwenyekiti alikuwa na mtu wake tangu mwanzo. Jumla akasema hapana, wamenunuliwa wajumbe. Kwao aliona kwa macho yake mgombea akigawa vitenge, wajumbe wakashona, wakavaa, wakaenda wamependeza kumpigia mwingine. Nikamuuliza Kanada wajumbe wananunuliwa kwa nini. Akafikiri kidogo, akasema kwa koleo za kuzolea theluji.

— Kama barua imeshatoka, imetoka, akamalizia. Muuzaji wa Zhanqian akishakwambia meiyou, hata ulie machozi, hakuna ni hakuna.

Lakini Katiba alikuwa ameng'ang'ania zile nchi tatu. Alichovya kidole kwenye kahawa akachora juu ya katoni: China hapa, Singapore pale, Uholanzi kule. Zote zina bandari. Hiyo ni njia ya mzigo, akasema, kuna mkubwa fulani anampeleka Swalha bungeni kama anavyopeleka kontena. Nikauliza mkubwa gani wa dunia ana haja na kiti kimoja cha bunge la mkoa huko pembezoni. Katiba akaniangalia kwa huruma.

— Wewe siasa umezisomea, ndo maana huzioni.

Msabaha, mtu ambaye humkatiza hata mwenye kutaja vibaya upana wa boksi, asubuhi ile alikuwa anafuta kioo cha simu kwa pindo la shati, anafuta tena. Jumla akamuuliza kama leo amefungwa lakiri. Akatabasamu kidogo, akarudi kufuta.

Ilipofika saa tano kasorobo nadharia zilikuwa zimepanda mlima. Ile namba moja ya simu haikuwa simu bali mtambo. Mtambo unatunga watu. Katiba sasa aliamini wale sitini na moja hawapo kabisa, na waliorudishwa mlangoni ni waigizaji waliokodishwa. Jumla, ambaye alianza na vitenge, alikuwa tayari kukubali mtambo mradi waigizaji waondolewe.

Hapo ndipo alipofika Leokadia, mfanyabiashara wa Bukoba, safari yake ya kwanza, anatafuta ofisi ya kargo. Tulimsogezea nafasi, tukampa kahawa, na kwa kuwa kila mmoja wetu alitaka kumweleza kesi kabla ya mwenzake, akaipata yote kwa midomo mitatu. Alisikiliza kikombe kizima. Kisha akauliza kwa adabu:

— Samahanini. Huyo dada, ubunge anautaka wa nini?

Katiba akafungua kinywa. Akasema kwa ajili ya wananchi. Leokadia akauliza wananchi gani, wana shida gani. Katiba akamgeukia Jumla, Jumla akanigeukia mimi mwenye shahada, nami nikamgeukia Msabaha. Siku tatu tulikuwa tumejadili wakubwa, wajumbe, mitambo na koleo.

— Sijui, alisema Msabaha. Mdogo wangu mwenyewe. Sikumuuliza.

Akapiga simu pale pale, akaiweka sauti ya juu katikati yetu. Swalha alipokea haraka. Alikuwa mezani jikoni kwake, anaandika rufaa, hana la kuandika. Kaka yake alipomuuliza ubunge anautaka wa nini, alieleza kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Yeye alikuwa muuguzi Unguja, miaka sita ya wodi. Kule cheti chake hakikutambuliwa, akaishia kuosha wazee kwenye nyumba za kuwatunzia, zamu za usiku. Wale sitini na moja ni hivyo hivyo, wauguzi na wakunga wa kwetu, wa Kongo, wa Kenya, vyeti vyao viko kwenye bahasha chini ya godoro. Sheria ya vyeti inatungwa kwenye bunge la mkoa. Basi, alitaka kwenda huko.

— Walikuja wametoka kazini, na sare zao, alisema. Mama mmoja mkunga kaniuliza mlangoni, Swalha, mimi ni jina la kubuni? Nimezalisha watoto elfu, leo mimi nimebuniwa?

Msabaha aliweka kikombe chini.

— Swalha. Niliyewajaza ni mimi.

— Umewajaza wapi?

— Kwenye fomu. Wote. Nilikuwa hapa ofisini.

Akaeleza, na alieleza akiitazama simu, hakututazama sisi. Swalha alimtumia orodha aipange, kisha amtumie kila mtu maelekezo ya kujiandikisha, kwa sababu Msabaha ni fundi wa fomu. Naye akaiona ile orodha kama anavyoona mzigo wa kuchanganya: wateja sitini wanachangia kontena moja, wakala anajaza karatasi za wote kwa jina moja na namba moja, Dar es Salaam kila mtu anachukua chake kwa alama yake. Ukimwachia mteja fomu ataikosea. Kwa hiyo akaketi mchana mmoja, akawapakia wote, akamwandikia mdogo wake neno moja, tayari. Akaona amewasaidia. Nchi tatu zilikuwa ni VPN yake, ile programu tunayoitumia hapa kuruka ukuta wa mtandao: ilianza Singapore, ikakatika, ikarudi Uholanzi, mwishoni ikazimika kabisa ikamwacha Guangzhou kama alivyo.

Katiba, aliyekuwa ameweka miguu juu ya katoni, aliishusha polepole. Mkubwa wa dunia alikuwa ameketi naye benchi moja, kavaa kandambili.

— Nimewaambia kamati ya chama walijaza wenyewe, alisema Swalha. Nimeapa, kaka.

— Najua. Tangu Jumapili najua.

Katiba alijitolea kuokoa jahazi. Alipendekeza Msabaha aandike kwamba simu iliibiwa, au kwamba siku ile alikuwa Kanada kutembea.

— Huyo nani? akauliza Swalha.

— Nassor. Rafiki yangu.

— Mwambie anyamaze.

Leokadia akauliza kwa nini hao wanachama wasiseme wenyewe. Swalha akasema barua ya Msabaha ataituma, lakini ya kaka mtu itapimwa kama ya kaka mtu. Kila mwanachama akiiandikia kamati kwa simu yake, mistari miwili, hilo lingekuwa jambo. Ila zimebaki dakika thelathini na tano na yeye ni mmoja.

— Watakuwa wamelala, alisema Jumla.

— Wako zamu, dada. Wamelala wapi.

Msabaha aliandika kwanza. Nilidhani ataniomba nimsaidie maneno, hakuniomba. Aliandika kwamba yeye ni kaka wa Swalha, wakala wa mizigo Guangzhou. Kwamba aliwaandikisha watu sitini na moja bila mdogo wake kujua, akidhani anarahisisha kazi. Kwamba watu hao wapo, na hizi hapa namba zao. Katiba alimnong'oneza aandike Unguja badala ya Guangzhou. Msabaha akaacha Guangzhou, akatuma.

Kisha akachapa ile orodha, akaikata kwa mkasi wa kukatia gundi za maboksi. Jumla alichukua kumi na tano, kwa mazoea. Leokadia kumi na mbili, wa nchi asiyoijua kwa mgombea asiyemjua. Watu wawili wa mikokoteni walisimama kutuangalia wageni watano tukiongea kwa simu kwa wakati mmoja. Wa kwangu wa tatu alipokea kwa kunong'ona, akaniambia nisubiri amgeuze mzee ubavu wa pili, na nilisikia anambembeleza kwa Kiingereza na kumpa pole kwa Kiswahili. Kisha akarudi, akasema ataandika sasa hivi, atie na namba ya cheti? Nikasema atie.

Katiba alipiga namba yake ya kwanza. Mama wa upande wa pili akamuuliza anapiga kutoka wapi. Katiba akatutazama, akasema China, na simu ikakatwa. Akapiga tena.

— Usikate, mama. Naitwa Nassor, nauza chaja. Kaka yake Swalha kakosea, niko naye hapa.

Hakukata.

Saa sita kasoro dakika nne chupa ya kahawa ilikuwa tupu na hakuna aliyekwenda kuijaza. Saa sita kamili Swalha akaandika kwamba zimeingia barua arobaini na nne, na kwamba kamati itakaa Alhamisi. Hakuandika kama amemsamehe kaka yake. Aliandika: na wewe Alhamisi uwe karibu na simu, watakuhoji. Msabaha akaisoma mara mbili, akamshukuru Leokadia kwa kumwita dada yangu, akainamisha kichwa juu ya magoti.

Nikamwambia Katiba muda umekwisha, amwache mama wa watu afanye kazi. Akanipungia mkono ninyamaze. Yule mama aliyemkatia simu mwanzo, kumbe mkunga, alikuwa anasimulia na amefika kwenye mwaka alioshuka ndegeni, baridi ya kwanza, na ofisi ya kwanza iliyomrudishia cheti chake bila kukifungua. Katiba alikuwa ameinama, kidole kimoja kimeziba sikio la pili, anasema tu:

— Ehe. Halafu?