Bango la Kumchelewesha Kipa

Pale Muleba mjini, mahali ambapo mabasi ya Biharamulo hupunguza mwendo kabla ya kuendelea Bukoba, kuna kibaraza cha duka lililofungwa siku nyingi. Kibarazani pana mabenchi mawili, jiko la mkaa, na Ma Klaudia mwenye jiko. Anayetaka kahawa ya kunywa anamiminiwa kikombe. Anayetaka ya kutafuna ananyooshewa kikapu cha amwani, anachukua punje mbili tatu, anazitupia mdomoni na kujiunga na ubishi. Mchana ule ubishi ulikuwa umeshuka kutoka mabenchini hadi kwenye nyasi, kwa sababu hapo ndipo lilipotandazwa turubai la bluu ambalo Ma Klaudia huanikia kahawa yake, na katikati ya turubai alikuwa amepiga magoti Renatha, brashi mkononi, rula kwapani. Kesho alfajiri Coaster ya mashabiki ilikuwa inaondoka kwenda Kampala, Taifa Stars wakapambane na Uganda kwenye uwanja wa Namboole. Mashabiki wa Kagera walikuwa wamepewa nafasi ya kutundika bango moja tu. Lingekuwa hili la Muleba, la kuchorwa kwa mkono, au lile la tawi la Bukoba mjini, lililochapwa kwa mashine. Na Mutalemwa, mwenyekiti wao wa mkoa, alikuwa Bukoba akisubiri picha ili aamue kabla jua halijazama.

— Hiyo B yako imekonda, alisema Kahangwa. Inenepeshe tumbo. Waganda wanaheshimu kitu kilichoshiba.

Kahangwa aliitwa Balozi, kwa kuwa aliwahi kuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula kumfuata ng'ombe aliyepotea. Ng'ombe hakupatikana, cheo kikabaki.

— Ta Balozi, waitu, ondoka kwenye jua, alisema Renatha kwa heshima ya Kihaya. Rangi ya mafuta haikauki kivulini.

— Mimi ndiye ninayekupa ushauri wa kimataifa, na wewe unaniambia habari za kivuli!

Renatha alichomoa rula kwapani. Akaiweka chini ya neno BUKOBA, akainama mpaka pua ikakaribia turubai, akafuta kwa kucha tone lililopita mstari. Kisha akahamia MULEBA. Alikuwa amemaliza chuo kikuu, lakini hajawahi kuvuka mpaka wowote, na bango hili lilimtia hofu kuliko safari yenyewe. Mwaka jana kule Mwanza mvua iliosha bango lao la shuka mpaka likabaki madoa matupu, na mashabiki wa mikoa mingine wakawauliza kama wamekuja mpirani au wamekuja kufua. Ndipo kwenye kikao cha tawi aliposimama akasema, niachieni mimi. Sasa walikuwa wamemwachia.

— Mutalemwa atalichagua la Bukoba mjini, alisema kwa sauti ndogo. La kwao linang'aa.

— Linang'aa nini? Balozi alifoka. La kwao ni karatasi ya sabuni! Mashine haina kwao. Hili limechorwa na mtu mwenye mama na baba. Kamera ikilipitia, dunia nzima itauliza, hawa ni akina nani?

— Hebu turudie hapo, alisema Ishengoma.

Huyu ndiye waliyemwita VAR. Hakuna kauli iliyopita kijiweni bila yeye kuirudisha nyuma na kuikagua.

— Rudia, VAR, alisema Balozi.

— Umesema dunia itauliza hawa ni akina nani. Sasa bango linasema Bukoba na Muleba. Je, dunia itatosheka na Bukoba na Muleba?

— Haitatosheka, alisema Ma Klaudia kutoka jikoni. Kamachumu kwetu iko wapi?

— Ma Klaudia, bango ni la mpira, siyo la kuwataja wazaliwa wa kila mahali.

— Balozi, hilo turubai ni la nani?

Balozi akatafuna amwani.

— Basi nisikilizeni, Ma Klaudia aliendelea, akapangusa mikono kwenye kitenge. Mnajua ni wasichana wangapi wa Kamachumu walioolewa Uganda enzi za bibi zetu? Wengi! Sasa beki wao anakimbia na mshambuliaji wetu. Anainua macho, anaona KAMACHUMU. Moyo unamwambia, ha, si kwao bibi yule aliyenilea? Miguu inakuwa mizito. Mshambuliaji wetu huyoo, anapita.

Benchi zima lilicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kukubali.

— Hapo sipingi, alisema VAR. Damu haikimbizani na damu.

Renatha alitazama nafasi iliyobaki, akapima, akapima tena, kisha akachovya brashi. Aliandika KAMACHUMU kwa herufi za urefu uleule, na kila alipomaliza moja alirudi nyuma hatua kadhaa kuitazama kwa mbali, jicho moja limefumbwa. Ilipendeza. Hata yeye, pamoja na hofu yake yote, aliona kwamba ilipendeza. Rangi nyeupe juu ya bluu ilisimama kama meno.

— Rena, alisema VAR, mwandiko kama huo sijauona hata kwenye ofisi ya wilaya.

— Asante, Ta Ishengoma.

— Sasa na Nshamba kwenu, utaenda Namboole ukiwa yatima?

Renatha alikuwa hajafikiria kujiandika. Mashavu yake yalipata joto. Akasema haina haja. Balozi akasema ipo haja kubwa, kwamba baba yake akimwona mwanawe kwenye televisheni ameshika bango lisilomtaja, atazima umeme wa mtaa mzima. Basi akaandika NSHAMBA, haraka kidogo kuliko mengine, kama mtu anayejipakulia nyama mbele ya wageni.

— Bango linarefuka, alisema baadaye, akiyahesabu majina kwa macho. Nani atalisoma lote?

— Hapo ndipo penyewe! VAR aliruka kutoka benchini. Ndiyo maana nasema lirefuke zaidi! Bango linatundikwa nyuma ya goli la nani?

— Kipindi kimoja la kwao, kingine la kwetu, alisema Balozi.

— Kipindi ambacho liko mbele ya kipa wao, sasa. Kipa ni mtu mwenye nafasi. Timu yake ikishambulia, yeye hana kazi. Anaona maandishi ng'ambo ya uwanja. Anaanza kusoma. Bukoba... Muleba... Kamachumu, hapo ulimi unateleza kidogo... Nshamba... Akifika KAAGYA, mpira uko wavuni mwake!

— Kaagya? Ma Klaudia aliuliza. Kaagya imetoka wapi?

— Imetoka Kaagya. Nimezaliwa huko, nimebatizwa huko, kibanja changu cha migomba kiko huko. Bila Kaagya kipa anamaliza kusoma mapema. Mnataka tufungwe?

Balozi alisimama. Macho yake yalikuwa yamekwenda mbali, yamepita Kyaka, yamepita Mutukula.

— Ndugu zangu, kwa kweli sisi siyo wageni Kampala. Mtu wa Dar akitaka kwenda Kampala anafunga begi na kuaga ukoo. Mimi naweza kunywa chai hapa, na nikafika kule kabla haijanitoka mwilini. Na Kiganda tunakisikia, na ndizi tunapika wote. Taifa Stars wakiingia pale, nani wa kuwakaribisha? Ni sisi. Sisi ndio wenyeji wa ugenini! Kwa hiyo majina yote yakae pale, Waganda wayaone, wahesabu, wajue nyumba imejaa.

— Andika Kaagya, mwanangu, alisema Ma Klaudia, na sauti yake ilikuwa na machozi kidogo.

Renatha akaandika. Herufi ya mwisho iliishia kwenye pindo la turubai, haikupita, haikupungua. Alisimama, magoti yana alama za nyasi, akaitazama kazi yake yote kwa pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hofu ilipungua. Watu wa Bukoba mjini walete mashine yao. Akatoa simu ili apige picha.

Basi la Biharamulo likasimama. Akateremka mama mmoja wa makamo, mgeni kwao wote, akaja kujinyoosha miguu na kuomba kahawa. Akiwa na kikombe mkononi alilizunguka turubai, akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma matangazo ya ibada.

— Bukoba, Muleba, Kamachumu, Nshamba, Kaagya. Pazuri sana. Ni mkutano wa kwaya?

— Kwaya! Balozi alicheka. Mama, huo ni mpira. Kesho tunaenda Kampala na Taifa Stars.

— Ala! Timu ya taifa?

— Timu ya Tanzania yenyewe.

Yule mama aliyasoma tena majina, kutoka kushoto hadi kulia, kisha akainamia pindo kama mtu aliyedondosha sindano.

— Imeandikwa wapi?

Balozi alitazama turubai. VAR alitazama turubai, akafungua mdomo, akaufunga bila kurudia chochote. Ma Klaudia akageukia jiko na kuanza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Honi ya basi ikalia; yule mama akashukuru kwa kahawa, akapanda, akaenda zake.

Renatha akashusha simu. Nusu ya kulia ya turubai alikuwa ameiacha asubuhi kwa ajili ya jina la nchi. Alikuwa amelipima, amelipigia hesabu, amelitengea hata nafasi ya kupumua. Kisha, jina baada ya jina, wakaila nafasi yake yote.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mutalemwa.

— Usipokee! alisema Balozi. Tufute kwanza. Tufute Kaagya, ndiyo mbichi.

— Ufute Kaagya? VAR alifoka. Futa Muleba yako! Muleba tumo ndani yake, nani asiyeijua?

— Kamachumu haifutwi, alisema Ma Klaudia bila kugeuka.

— Nshamba basi, alisema VAR.

Wote wakamwangalia Renatha, wakaona aibu.

— Hapana, alisema Balozi. Mtoto ndiye aliyechora. Nshamba ikae.

Simu ikakatika. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi. Renatha alitazama kopo la rangi nyeupe: tupu. Akatazama lile la njano, ambalo alikuwa amelinunua kwa ajili ya mapambo ya pembeni. Lilikuwa na rangi ya kutosha neno moja.

— Shikeni pembe, alisema.

— Pembe za nini?

— Za turubai. Tunaligeuza.

— Na Kaagya mbichi? VAR alipiga kelele. Itapigwa mweleka kwenye nyasi!

— Basi lisiguse nyasi. Lishikeni juu, mlivute. Ta Ishengoma, wewe shika upande wa Kaagya yako.

Wakalinyanyua. Ma Klaudia aliacha jiko, akashika pembe ya tatu, muuza mkaa wa jirani akashika ya nne, wakalivuta mpaka likakazana kama ngozi ya ngoma. Kahawa zao zikapoa kwenye benchi, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kuinua kikombe. Upande wa pili wa turubai ulikuwa na madoa ya hudhurungi ya mavuno ya misimu mingi. Renatha hakuyafuta. Hakuchukua rula. Aliandika kwa mkono mtupu, herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, akipita chini ya mikono yao, akiwakemea:

— Balozi, unatetemeka!

— Ni uzalendo, mwanangu.

TANZANIA. Kutoka pindo hadi pindo, njano juu ya bluu, na harufu ya kahawa ikipanda juani.

Akapiga picha, akaituma, akapiga simu na kuiweka sauti kubwa. Wale wanne walikuwa bado wamesimama, mikono imekufa ganzi, rangi haijakauka.

— Nimeiona, ilisema sauti ya Mutalemwa. Nani amechora?

— Mimi, Renatha. Ni turubai la kahawa. Madoa ni ya kahawa, siyo uchafu, naomba uelewe. Na upande wa nyuma pana majina ya kwetu, Bukoba imo, ya kwanza. Sisi tutakaosimama nyuma yake ndio tutakaoyasoma. Kama halifai, niambie sasa hivi.

Balozi akafumba macho.

— Mvua ikinyesha, linachuja?

— Ni rangi ya mafuta. Halichuji.

— Lileteni, alisema Mutalemwa. Hili letu la mashine tutalitandika tulikalie.