Treni ya Papa Anatole Inayozimika Mlimani

Kijiwe chetu hapa Kataki, mtaa wa Kalemie, ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mataruma mawili ya zamani ya reli. Upande mmoja kuna cherehani yangu, upande wa pili kibanda cha Chérubin anayetengeneza simu, na katikati Mama Bibiane na birika lake la kahawa ya tangawizi. Ukipita asubuhi utamkuta Papa Kyungu, fundi umeme mstaafu. Tunamwita Transfo, kwa sababu ugonjwa wowote wa dunia yeye huanza kuutafuta kwenye transfo, yaani transfoma ya umeme. Utamkuta pia Blanchard, ambaye jina lake la kijiweni ni Kigoma, maana anavuka ziwa kuchukua bidhaa, na jambo lolote ukilitaja yeye amekwisha kuliona kule. Asubuhi ninayotaka kuisimulia tulikuwa tunabishana kama maji ya ziwa yatapanda tena mwaka huu. Mara mlango wa Papa Anatole, ng'ambo ya barabara, ukafunguka.

Papa Anatole aliendesha treni ya Kabalo mpaka mvi zikamwota. Tangu tumzike mke wake, Mama Blandine, hakuwa amekaa tena nasi. Tulikuwa tunamwona akichota maji, tunampungia mkono, naye anarudi ndani. Sasa alikuwa anavuka barabara polepole, amekumbatia sanduku jeusi kifuani kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa.

Maneno ya ziwa yalikatikia hapo hapo.

— Papa, karibu, Mama Bibiane alisema. Ikaa hapa.

— Asante, mama. Nani kati yenu anajua mambo ya mashine?

Chérubin alisimama, akampokea mzigo. Ilikuwa kompyuta.

— Hii ni ordinatere, Papa. Ni ya nani?

— Ya Viviane, mutoto wangu. Alikuwa anatengenezea nayo video za harusi. Wakati alienda kufundisha kule Moba, aliniachia. Inazimika.

— Inazimika wakati uko unafanya nini? Unaandika?

Mzee alitazama viatu vyake.

— Wakati niko nacheza.

Transfo alirudisha kikombe chini bila kunywa. Lazima mwelewe tulivyoshtuka. Huyu ni mzee wa kanisa. Zamani akipita hapa tulikuwa tunaficha karata chini ya ubao. Tulijua mule ndani analia na kusoma Biblia, basi.

— Unacheza nini, Papa? Blanchard aliuliza kwa sauti ya chini.

— Treni. Kuna muchezo wa kuendesha treni, Viviane njo alinionyesha. Unafunga breki, unapiga honi, unafuata saa. Si njia ya Kabalo. Ni inchi ya Wazungu, iko na ile mvua nyeupe. Lakini treni ni treni.

— Na unaanza saa ngapi?

— Nikiamuka.

— Mpaka?

— Mpaka nisinzie.

Mama Bibiane alimmiminia kahawa, akaongeza sukari bila kuuliza.

— Eleza vizuri namna inazimika, Chérubin alisema. Alikuwa amekwisha kuchukua bisbisi.

— Naendesha muzuri. Nikianza kupanda mulima, kule kwenye miti mingi, picha inakatakata. Mistari ya kijani inapita. Halafu giza. Nikingoja, inarudi. Lakini tangu jana haikurudi.

— Ni umeme, Transfo alisema. Umeme wa mutaa huu unapanda na kushuka. Mashine inapigwa kichwani kila siku.

— Taa ya nyumba haizimike, Papa Kyungu. Ni picha tu.

— Taa ni kitu ya roho ngumu. Haiwezi kukuonyesha kama inaumia.

Chérubin alifungua ubavu wa sanduku. Vumbi lilitoka kama unga. Akachomoa kibao kirefu chenye feni ndogo mbili, moja haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole.

— Munaona? Hii njo karte grafiki. Njo inachora picha yote ya muchezo. Kituo kikiwa kitupu, kazi ni kidogo. Ukifika mulimani, miti, mvua nyeupe, moshi, yote inachora kwa mara moja. Inapata moto, inaanguka. Na hii ni ya zamani. Miye mwenyewe sijaona ya namna hii tangu nianze kazi.

— Kule Kigoma, Blanchard alisema, kuna kijana alikuwa na karte kama hiyo. Wadudu wa ziwa waliingia ndani, wakataga mayai. Kila mayai yakipata moto, mashine inazima.

— Unaona mayai hapa?

— Basi siyo wadudu. Sikia. Papa amesema ni inchi ya Wazungu. Mulima njo mupaka. Ile mashine inajua muntu iko Kalemie, haina viza. Ikifika mupakani inakatala.

— Kigoma, kunywa kahawa, nilimwambia.

— Munacheka, lakini mashine za siku hizi zinajua muntu iko wapi. Na kama si viza, basi sijui. Labda iko muntu anaizima. Labda Mama Blandine mwenyewe njo...

Alijisikia akisema, akafunga mdomo. Transfo alimkanyaga mguu, tukaona sote. Mama Bibiane aligeukia makaa yake. Mimi nilishika kitambaa nilichokuwa nashona nikatafuta uzi ambao haukuwa umepotea.

— Maliza, Papa Anatole alisema.

— Unisamehe, Papa. Ni mudomo tu.

— Hapana. Hata miye nilifikiri vile.

Alisema bila kupandisha sauti, kama anataja saa ya treni.

— Blandine alikuwa na desturi yake. Nikikawia sana kwa kitu, alikuja kuzima taa. Hakusema neno. Alizima tu, nami nikajua chakula iko mezani. Mashine ilipozimika mara ya kwanza nilisema, Blandine, nimesikia. Nikainuka, nikakula. Nilikuwa sijakula. Kesho yake ikazima tena, palepale mulimani. Nikaona basi, anakuja pale. Tangu siku ile nikawa napanda ule mulima ili azime.

Pikipiki zilipita, na muuza maandazi akasimama kutusalimu. Mimi nimekaa kijiweni hapa miaka mingi, nimesikia habari za wizi, za mashua kuzama, za watu kukimbia vijiji vyao. Sijawahi kuona ubao mzima umekauka namna ile. Mtu alikuwa hatua chache kutoka kwetu, anapanda mlima kila siku ili mkewe amwite kula, na sisi tuko hapa tunahesabia ziwa maji yake.

— Na tangu jana, Papa? Mama Bibiane aliuliza.

— Tangu jana ni giza tu, hairudi. Nimefikiri amechoka na miye. Njo sababu nimetoka.

Chérubin alikuwa ameshika ile karte mikononi, hajui aiweke wapi.

— Papa, kuna njia moja. Niliona kwa video. Inaweza kuifufua, inaweza kuimaliza kabisa. Ile lehemu inayoshika tupande twake, inapasuka kwa uzee. Ikipata moto sawasawa, inayeyuka kidogo, inashika tena.

— Moto gani?

— Wa tanuri. Tunaipika kama mukate.

— Tanuri ya nani? Mama Bibiane aliuliza, ingawa mtaa mzima hakuna mwenye tanuri ila yeye.

— Ile ya zamani, mama. Ile iliyopasuka. Hutapika tena mukate mule.

— Muntu mwenye akili haweki ordinatere kwa makaa, Transfo alisema. Nimefanya kazi ya umeme mpaka nikazeeka, sijasikia kitu kama hicho.

— Na nikiitengeneza, Papa, Chérubin aliendelea bila kumjibu, pengine haitazimika tena. Unaelewa? Haitazimika. Unataka tuitengeneze?

Papa Anatole alizungusha kikombe mikononi.

— Sijui, alisema. Pika.

Basi tukaipika. Chérubin aling'oa feni na plastiki yote, akafunga kibao kwa karatasi ya aluminiamu, akakiweka kwenye ile tanuri ya pipa iliyopasuka nyuma ya nyumba ya Mama Bibiane. Kilitoa harufu ya kitu kisichostahili kuwa motoni. Transfo aliyekataa ndiye aliyekuwa ameinama karibu zaidi kuliko sote, anasema ongeza makaa, punguza makaa. Kilipopoa, Chérubin alikisugua kwa brashi, akatoa vumbi lililoganda kama sufi, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akafunga feni kutoka mashine nyingine iliyokufa. Mpaka leo sijui kilichotibu ni tanuri au ni brashi.

Alasiri akaiwasha kibandani kwake. Skrini ilikaa nyeusi, kisha ikaja picha. Reli, kituo, kiti cha dereva. Blanchard alishika kichwa. Transfo alirudi nyuma hatua moja kama aliyeona mtu akiinuka kwenye jeneza.

— Papa, kaa, Chérubin alisema. Endesha.

Mzee alikaa. Sijawahi kuona vidole vile vikitulia tangu matanga. Akatoa treni kituoni bila kuitikisa, akapiga honi kwenye njia panda, akaanza kupanda. Miti ikaja. Ile mvua nyeupe ikaanguka kwenye kioo. Tukasogelea skrini sote. Treni ikapanda, ikapanda, ikafika juu, ikashuka upande wa pili ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuona. Kulikuwa na bonde, na mji mdogo wenye kanisa. Akarudia tena. Na tena. Picha haikukatika hata kidogo.

Tulianza kupeana mikono. Blanchard alikuwa amekwisha kuanza namna atakavyowasimulia watu wa Kigoma. Papa Anatole alisimamisha treni, akaondoa mikono mezani.

— Basi hakuwa yeye, alisema.

Mikono yetu ikabaki hewani. Transfo alianza sentensi kuhusu umeme, akaiacha njiani. Tukamrudisha Papa ubaoni, Mama Bibiane akampa kahawa, akaipokea, hakuinywa.

Hapo ndipo Viviane alipofika, ameshuka kwenye mashua ya Moba, mfuko begani. Alikuwa amempigia babake simu hapatikani, akapanda mashua ya kwanza. Alipomwona amekaa nje kati ya watu, alisimama katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi.

— Papa. Uko nje.

— Niko nje, mama.

Alipiga magoti, akamsalimu, akamshika uso kwa mikono miwili. Kisha tukamweleza, kila mtu kwa zamu na wengine bila zamu. Umeme, mayai, viza, tanuri. Alisikiliza yote. Kwenye tanuri alifumba macho. Hatukumwambia habari za kuzimwa taa, na babake hakutusaidia.

— Na hapa kwa Chérubin haikuzimika hata mara moja?

— Hata moja, yaya, Chérubin alimjibu kama dada yake mkubwa.

— Lakini nyumbani ilikuwa inazimika kila siku.

— Kila siku.

— Nyumbani iko wapi? Viviane aliuliza. Mashine, ameiweka wapi?

Lilikuwa swali dogo. Transfo alimtazama Blanchard. Blanchard alimtazama Chérubin. Chérubin alinitazama mimi, na mimi, ambaye cherehani yangu inatazamana na mlango ule, nikamtazama Mama Bibiane. Alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyejua. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameingia mule ndani tangu tulipotoka na jeneza.

Viviane alingoja. Alituelewa kabla hatujafungua mdomo, nikaona uso wake unabadilika.

Aliyejibu ni Papa Anatole.

— Kitandani, alisema. Upande wake. Naifunika na blanketi yake.

— Hata ikiwa inawaka, Papa?

— Hata ikiwa inawaka. Alikuwa muntu wa kusikia baridi.

Viviane aliketi ubaoni, taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae. Hakulia, wala hakutulaumu, na hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko matusi. Transfo aliinuka. Akavuka barabara peke yake, akasimama mbele ya ule mlango, akageuka kututazama. Tukamfuata. Ndani mlikuwa na joto la mahali palipofungwa muda mrefu. Madirisha yote yalikuwa na misumari tuliyoipiga sisi wenyewe siku ya msiba, ili watu wa nje wasichungulie. Tuliing'oa. Blanchard alibeba meza ndogo ya jikoni mpaka sebuleni, karibu na hewa, na Chérubin akaja na mashine. Blanketi Viviane alilikunja, akaliacha mikononi mwa babake.

Karte ile ni mzee. Siku za joto kali bado inamwangusha mlimani, na Chérubin anasema hakuna tanuri itakayoifanya mpya. Ikizimika, Papa Anatole anavuka barabara, anakaa nasi mpaka ipoe, anakunywa kahawa, anamwambia Transfo kwamba si umeme. Na siku ikichelewa kuzimika, mmoja wetu anavuka kwenda kwake na kikombe, anaingia, anakaa kando ya kiti chake, anatazama theluji ile ya Wazungu ikianguka kwenye kioo cha treni, mpaka mzee aulize kama chakula tayari.