Mashine Walibaki Nazo, Vidole Nilikuja Navyo

Wazee wenzangu, mama zangu wa upande ule, na nyie vijana mliokaa karibu na mlango mpate kutoroka: assalaam alaykum. Nikipaza sauti msidhani nagomba. Masikio yangu niliyaacha kwenye mashine za kufuma. Mwenye swali aje asimame mbele yangu, anitazame, aseme wazi. Kuninong'onea nyuma ni kazi bure, ingawa najua wapo waliozoea.

Mwenyekiti ndiye kanisimamisha. Anasema chama chetu hiki cha kuzikana kimepata watu wapya, waliopunguzwa kazi mjini wakahamia huku Bunju, na wengine wamejifungia ndani hawatoki. Akaniambia, "Mzee, wewe yalikukuta, waambie." Mie shule niliishia darasa la nne, hotuba siijui. Nitasema yalivyokuwa, na jina la mtu sitaji. Atakayejijua anyamaze tu.

Nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha nguo. Nimeingia pale kijana wa kufagia, nikapanda kwa jasho langu mpaka nikakabidhiwa safu nzima ya mashine. Mama zangu, khanga mlizokuwa mkivaa enzi zile, nyingi zilipita mikononi mwangu zikiwa bado uzi. Mashine ikiumwa nilikuwa naijua kwa mlio kabla haijasimama. Basi nikaitwa Fundi. Kiwandani Fundi, nyumbani Temeke Fundi, dukani kwa Mwarabu Fundi. Jina alilonipa baba yangu nilikuwaga nalisikia siku ya mshahara tu.

Na nilijisikia, sifichi. Kulikuwa na wakati, nyie vijana hamuujui, mtu asiye na kitambulisho cha kazi anakamatwa barabarani, anapakiwa kwenye lori, anapelekwa kulima. Mie napita kifua mbele, kitambulisho mfukoni. Kwenye harusi nawekewa kiti, naletewa sahani. Sijawahi kubeba ndoo ya maji kwenye shughuli ya mtu, wala kushika koleo kaburini. Natoa mchango wangu, nakaa. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Ikaja ruksa. Kila mtu ruksa kuuza, ruksa kuleta. Mitumba ikaingia kwa marobota, nguo za kafa Ulaya, tukisema mwenyewe kafia huko, na watu wakazigombea. Kiwandani zikakosekana nyuzi, kisha vipuri, kisha mishahara. Asubuhi moja king'ora hakikulia. Tukasimama getini tumevaa ovaroli zetu, tukaambiwa turudi nyumbani tutaitwa. Mpaka leo nasubiri.

Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukipokezana zamu akanifuata. "Braza, twende Manzese tukauze mitumba. Mchana mitumba, jioni mie nakaanga samaki, mke wangu anashona. Mambo yanakwenda."

Nikamwambia, "Nguo zilizotuua ndizo nikauze? Mie fundi."

"Fundi wa nini sasa?"

Tangu siku ile sikumwamkia tena.

Nyumba tuliyokuwa tukikaa ilikuwa ya kiwanda, nayo wakaichukua. Nilikuwa na kiwanja changu huku Bunju na kibanda cha udongo, nikamwambia mama watoto tuhame. Bunju ya siku zile mnaijua wenyeji: mikorosho, vichaka, nyumba hii hapa na nyingine kule. Akacheka.

"Mie nimezaliwa Temeke, leo nikaishi na ngedere? Na huko utafanya nini?"

"Nasubiri kazi yangu."

"Kazi ipi, bwana wewe? Basi nami nasubiri kwa dada yangu. Ukipata la kufanya, chochote, nitume mtu."

Akaifunga khanga yake vizuri kiunoni, akabeba mkoba, akatoka. Nikaja huku peke yangu.

Ndugu zangu, kilichonishinda huku hakikuwa njaa. Muhogo ulikuwepo. Kilichonishinda ni kimya. Nimeishi maisha yangu yote ndani ya kelele, sasa nakaa kibandani sisikii kitu. Nilikuwa na redio ndogo. Nikawa naiweka katikati ya stesheni, pale inapokoroma tu, shhhh, mchana kutwa, kwa sababu ilifanana kidogo na mashine kwa mbali. Watu wazima msicheke. Au chekeni, haidhuru. Ovaroli naifua, naipiga pasi, naitundika. Kitambulisho nakitia mfuko wa shati hata nikienda kuchimba muhogo.

Majirani walikuwepo, nawaona wanapita. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Basi, yameishia hapo. Hakuna aliyeniita Fundi, maana hakuna aliyejua. Kwenye harusi zao sikwenda. Niende nikakae kiti gani? Ngoma ikipigwa upande wa pili wa barabara nafunga dirisha.

Nikaumwa. Homa ya malaria, ile ya kutetemesha kitanda. Nilikuwa nimelala najisemea: nikifa hapa, atakayejua ni nzi. Ndipo mlango ukasukumwa, akaingia bibi mmoja jirani yangu, mzee wa umri wa mama yangu, macho yake yana ukungu, anapapasa ukuta.

"Nani humu? Juzi sikunusa moshi wako, jana sikunusa moshi. Nikasema yule bwana ama kahama ama kafa."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe hujafa. Kaa basi unywe uji."

Alinileteaga uji mpaka nikasimama. Nilipopona nikaenda kwake kushukuru, nimevaa ovaroli yangu imenyooka. Nikamkuta amekaa chini kwenye sakafu, amezungukwa na ukili, ile mikanda ya ukindu wanayosuka mama zetu wa pwani, umeviringwa mizigo mizigo. Ukili wote tayari. Kilichobaki ni kuushona pamoja uwe mkeka, na macho yamemkatalia.

Akaniambia wazi, bila kuzunguka. "Huu ni wangu wa kuzikiwa. Sanda nimeshaweka kwenye sanduku, marashi nimeshaweka. Umebaki mkeka wa kutandikiwa kwenye jeneza. Wajukuu wamekwenda mjini, hawajui kushona. Sitaki nibebwe kwenye mkeka wa kuazima. Wewe kwenye homa uliweweseka habari za kufuma. Nishonee."

Nikaona haya, si kidogo. Kushona mkeka! Huku kwetu kazi hiyo ni ya mama zetu, na ya mwali aliyewekwa ndani. Nikamjibu, "Bibi, hiyo kazi ya kike. Na mie nilikuwa fundi wa mashine."

Akasema, "Mashine walibaki nazo kiwandani. Na vidole umewaachia?"

Nikaaga, nikarudi kibandani. Nikakaa nikaitazama mikono yangu, nawaambia kweli, kama naiona kwa mara ya kwanza. Nikakumbuka kwamba yule bibi haoni, lakini moshi wangu alikuwa anaunusa kila siku. Nami moshi wake sikuwahi hata kuutazama. Na muda hakuwa nao. Angekufa kabla ule mkeka haujashonwa, angebebwa kwenye mkeka wa kuazima kwa sababu ya ovaroli yangu.

Kesho yake nikaenda. Ovaroli nikaiacha msumarini.

Akanikalisha mbele yake, akanipa sindano kubwa, akawa anapapasa kila mshono ninaoupiga. "Umevuta mno. Fumua." Nafumua. "Umelegeza. Fumua." Bibi yule! Msimamizi wa kiwanda hakuwahi kunifumulisha hivyo. Lakini polepole vidole vikakumbuka. Uzi ni uzi. Ukiukaza sana unakatika, ukilegea unaacha mwanya, kwa mashine na kwa mkono.

Vijana wa kijiwe cha kahawa wakanipitia barazani kwake. Mmoja, yumo humu, akapiga kelele: "Jamani, mwali katolewa nje! Anaozwa lini?"

Nikamwambia, "Mwali akiolewa, mkeka wa kulalia atakuja nao. Wewe mke wako alikuja na nini?" Kijiwe kizima kikacheka, na yeye akacheka. Akasogea, akakaa, akaniagizia kahawa. Ndiyo kahawa ya kwanza niliyonywa na mtu Bunju.

Mkeka ukaisha. Bibi akaulalia kujaribu, akasema, "Hapa nitalala." Akauviringa. Haukupita mwaka akaondoka, Mungu amrehemu.

Siku ya msiba nilikwenda kukaa nyuma, kama mgeni. Wajukuu wakautoa mkeka, wakautandika kwenye jeneza. Mkubwa wao akauliza, "Aliyeushona yuko wapi?" Wakanionyesha. Akaja, akanishika mkono, "Babu, njoo ubebe mbele." Mie, mtu wa kukaa kwenye viti, nikabeba mbele. Na kaburini nikashika koleo, mara ya kwanza maishani mwangu.

Na mama watoto alikuwa kule ndani na wanawake. Sikumtuma mtu. Habari zilimfikia zenyewe. Niliporudi kutoka kaburini akatoka akanitazama, nimejaa udongo mpaka magotini.

"Kumbe unachimba."

"Nachimba."

"Na mkeka ule wewe?"

"Mie."

Akatikisa kichwa, akaenda kuosha vyombo. Alikaa kwangu siku kadhaa, akarudi Temeke. Sasa huja, huondoka. Simlazimishi.

Baada ya hapo kazi zikafuatana. Nilikuwa najua rangi za kiwandani, nikaanza kutia ukindu rangi, nikasuka mikeka yenye mapambo ya khanga ninazozikumbuka. Rangi inataka maji, na maji yalikuwa mbali, tukachimba kisima na wale wa kijiwe, nikawa mchimbaji. Mbuzi akichinjwa naomba ngozi, naiwamba dufu. Nikajifunza kulipiga uzeeni. Sauti za watu sizisikii vizuri, ila dufu nalisikia hapa kifuani. Kwenye maulidi sasa natangulia mie, na sauti yangu mbaya hivi hivi.

Kwa hiyo kuna wanaoniita mzee wa mikeka, kuna wanaoniita mzee wa kisima, watoto wananiita babu dufu. Yule mwenzangu wa mitumba nilikwenda kumtafuta. Tulikunywa chai. Hili yeye alilijua kabla yangu, akanivumilia asiniseme.

Upweke haujaisha, nisiwadanganye. Jioni nyingine kibanda ni kikubwa kwangu. Lakini redio naiweka kwenye stesheni sasa.

Namshukuru bibi, naye hanisikii. Nawashukuru wajukuu zake, na kijiwe, na mama watoto aliyekataa kunionea huruma. Na nyie wageni mliopunguzwa, nawaambia hivi: kazi ile mliipenda, ilieni, mie niliilia. Lakini mtu hakuumbwa na jambo moja tu mikononi. Jaribuni na yale mnayoyaonea haya. Pengine hayo ndiyo yatakayowafikisha kwa watu.

Mkeka wangu mwenyewe wa kuzikiwa uko darini. Ukili nimesuka wote, rangi nimetia. Kushona sijashona, na sitashona. Macho yangu nayo yameanza ukungu. Kesho asubuhi nipo barazani na sindano. Wewe mgeni uliyekaa pale pembeni, uliyevaa ovaroli, nakuona. Njoo unishonee.