Mzee Inua Mkono Anakabidhi Ufunguo wa Karakana

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza rafu, makabati na masanduku ya vifaa katika chuo hiki, fundi seremala wetu, anayejulikana kwa wote kama Mzee Inua Mkono, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Uongozi umeagiza wasifu huu uwe mfupi na wa furaha. Ufupi tutajitahidi. Furaha ipo, ila imechanganyika na mambo mengine, kama gundi ya fundi inavyochanganywa na vumbi la mbao ili kuziba nyufa.

Jina lake lina asili. Mtu akienda kuomba rafu, Mzee hakuwa na haraka ya kupima ukuta. Alimpima mtu. Alimsimamisha, akamwambia afumbe macho na kuinua mkono kama anayetaka kuchukua kitu, kisha akachora mstari wa penseli pale vidole vilipoishia. Hapo ndipo ubao wa juu ulipokaa, si zaidi. Halafu aliagiza aletewe kitakachowekwa: faili, sufuria, chupa ya maabara, chochote. Wahadhiri wenye shahada tatu waliona ni utoto. Walifumba macho hata hivyo, kwa sababu wenzao waliokataa walikuwa wakipanda viti kutafuta vitabu vyao wenyewe.

Karakana yake, kile chumba cha bati nyuma ya jiko, ndicho chumba pekee chuoni ambamo kila kitu kina mahali pake. Ukutani kila chombo kimechorewa umbo lake kwa rangi nyeusi. Randa ikiazimwa bila ruhusa, umbo tupu linabaki likimshitaki mwazimaji. Chini ya rafu amepigilia vifuniko vya chupa za jemu, na chupa zenyewe zinaning'inia zikiwa zimejaa skrubu, kila ukubwa na chupa yake. Tumeshakuwa na semina nne za utunzaji bora wa mali, zenye chai na vyeti. Hakuna aliyewahi kufikiria kuzifanyia humo.

Miaka sita iliyopita chuo kilipatwa na maendeleo. Idara ya ununuzi ilileta makabati kumi na mawili ya kisasa, ya unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi na kufunikwa karatasi yenye picha ya mbao. Tulielezwa kuwa ni imara, mepesi na ya kimataifa. Wepesi tuliuthibitisha siku wakaguzi walipokuja: kabati la ofisi ya Mkuu wa Chuo lilipiga magoti mbele yao, polepole, kwa adabu, likamwaga faili zote miguuni pao. Mzee aliitwa. Hakucheka, angalau si mbele za watu. Kwenye daftari lake la kazi aliandika: "Kabati la Mkuu. Tatizo: uzee. Umri: miezi mitano." Leo yamebaki mawili, na yote mawili yana mifupa ya mbao aliyoitia yeye kimyakimya. Idara bado inayataja kama mfano wa ununuzi bora.

Tusimfanye malaika. Alikosea pia. Mama Stoo, anayetunza stoo ya jiko letu, alipimwa asubuhi moja akiwa njiani kwenda harusini, amevaa viatu vya visigino virefu. Mzee alitazama vidole, hakutazama miguu. Jumatatu Mama Stoo akaingia karakana na ndala zake, nusu ya jiko ikimfuata kusikiliza.

"Mzee, hii rafu umenitengenezea mimi au umemtengenezea twiga?"

"Mimi nilipima nilicholetewa, mama. Ulikuja mwanamke mrefu. Huyu wa leo simjui."

"Haya, mrefu na mfupi wote wanataka kufikia mchele!"

Mzee, mkaidi kama msumari uliopinda ndani ya mbao, akampa msumeno akamwambia aipunguze mwenyewe.

Aliipunguza. Alikata mguu mmoja mfupi kuliko wenzake, na gunia la unga likaja kulala juu ya mchele. Kesho yake alirudi, safari hii si kugomba bali kuuliza kwa nini. Ni swali ambalo Mzee alikuwa hajaulizwa kwa miaka ishirini. Tangu hapo, kwa miaka kumi na moja, kila Jumamosi akishafunga stoo, Mama Stoo yuko karakana. Rafu za maktaba mpya ni kazi ya mikono yake: mbao zimeunganishwa kwa ulimi na tundu, ncha ya ubao mmoja ikiingia ndani ya mwingine, hakuna msumari unaoonekana, na vitabu vya sheria, vizito kuliko vyote, havijapindisha ubao hata mmoja. Kumvua mtu viatu kabla ya kumpima, hilo Mzee amejifunza kwake.

Kwa hiyo alikuwa na ombi moja tu la kuondokea: ufunguo wa karakana apewe Mama Stoo. Aliandika barua tatu. Jibu la kwanza lilisema suala linashughulikiwa. La pili lilisema karakana itageuzwa chumba cha mikutano midogo, maana inaonekana mikubwa tuliyonayo haitoshi. La tatu, la mwezi uliopita, lilieleza kwamba Mama Stoo hana cheti cha useremala. Ni kweli hana. Ana rafu mia na arobaini zinazosimama, lakini rafu haigongwi muhuri. Mzee aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaikunja, na kwa mara ya kwanza tukamwona akifunga karakana saa nne asubuhi. Hakuna aliyethubutu kumtania.

Ndipo sisi wa masjala tulipolifungua faili lake, kwa kisingizio cha kuandika wasifu huu. Cheti cha useremala hakimo. Hakijawahi kuwemo. Imo barua ya ajira yenye mstari mmoja: fundi wa muda, miezi mitatu. Zilizofuata zote zinasema kitu kimoja: anaongezewa muda.

Nakala ya barua hiyo ya ajira tuliipeleka kwa Mkuu. Aliisoma mara mbili, akauliza kama kuna mtu mwingine aliyeiona. Tulimjibu kwa heshima zote kwamba bado, ila itachapishwa kwenye programu ya sherehe. Jumanne hii barua ya nne ikatoka: Mama Stoo anakabidhiwa karakana kwa muda, miezi mitatu.

Mzee aliisoma, akavua miwani, akacheka mpaka akashika meza. "Mama, umekwisha," alimwambia. "Hutoki humu."

Asante, Mzee wetu. Ijumaa utakabidhi ufunguo mbele ya watu wote, na tunaomba safu ya mbele, wanakokaa viongozi, ianze kupiga makofi. Kuanzia Jumamosi uwe na afya, usingizi mtulivu, na siku nyingi ndefu zisizo na barua rasmi.